Mwongozo Kamili: Kuhifadhi Karatasi za Ukoo Uliokuwa Huru Kabla ya 1865

Katika miaka miwili nimeletewa vyeti vya uhuru vinne, yaani karatasi za kuthibitisha kwamba mtu mweusi au chotara hakuwa mtumwa. Vitatu vilikuwa vimeshatiwa laminesheni dukani. Cha nne kilikuwa kimechanika vipande viwili na kuungwa kwa selotepu iliyogeuka rangi ya chai. Walioleta ni watu wetu, Watanzania na Wakenya waliooa au kuolewa huku Marekani, katika koo za watu weusi na machotara waliokuwa huru hata kabla utumwa haujafutwa mwaka 1865. Wakwe wamezeeka, nyumba inauzwa, na boksi la karatasi linakabidhiwa kwa mkamwana "anayejua kompyuta". Anataka kuliokoa, na kwa haraka ya kuliokoa anaharibu kilichomo.

Mwongozo huu ni wa mkamwana huyo. Mimi nimeolewa Virginia, hivyo mifano mingi ni ya huku, ila njia ni ileile kwa Maryland, Carolina na Louisiana. Kabla ya yote shika hili: karatasi iache ilivyo, zuia tu isizidi kuharibika.

## Vifaa

- Majalada na maboksi ya karatasi isiyo na asidi wala lignini, makubwa kuzidi karatasi yako kubwa kuliko zote. Kukunja upya ni kuumiza upya.
- Mifuko angavu ya poliesta. Usinunue PVC, ile inayonuka kama pazia jipya la bafu. Hutoa asidi na hunatana na wino.
- Penseli ya HB. Kalamu za wino zote ziondoke mezani kabisa.
- Brashi laini na pana, kitambaa cheupe cha pamba, rula, vitabu vizito viwili au vitatu.
- Skana ya kulaza, au simu yenye kamera nzuri na stendi ya kuishikilia.
- Diski mbili za nje. Flashi peke yake haitoshi.
- Kipima unyevunyevu kidogo cha bei nafuu.
- Daftari.

Glavu za pamba usinunue. Zinapunguza hisia za vidole na nyuzi zake hukwama kwenye kingo zilizochanika. Nawa mikono, ikaushe vizuri, usipake losheni. Kwa picha za zamani ndipo uvae glavu za nitrili, maana jasho la kidole huacha alama isiyofutika.

## Hatua ya 1: Piga picha kabla hujagusa kitu

Fungua kifuniko, piga picha. Toa tabaka la juu, piga tena. Endelea hivyo hadi chini. Bahasha, uzi, kitambaa, kopo, vyote vina habari.

Hili mimi nililijua nikiwa nimechelewa. Nilipokabidhiwa karatasi za baba mkwe nilifungua mafurushi yote, nikazipanga kwa miaka, nikaona nimefanya jambo la maana. Baadaye tulikuta risiti sita za kodi zisizotaja shamba, na hakuna aliyeweza kusema zilitoka furushi lipi. Aliyezifunga pamoja alijua kwa nini zinakwenda pamoja. Jibu lilikuwa kwenye ule uzi, nami nilikuwa nimeukata. Naumia hadi leo.

Kwa hiyo kila furushi lipe namba, na kila karatasi namba ndogo chini yake: 3.1, 3.2, 3.3. Andika namba kwa penseli kwenye jalada la nje. Karatasi yenyewe usiiandike kitu.

Kopo usilitupe. Joseph Trammell wa kaunti ya Loudoun, Virginia, alikuwa na kikopo cha bati kilichotengenezwa kwa mkono cha kubebea cheti chake cha uhuru cha mwaka 1852. Leo kikopo na cheti vimo katika jumba la Smithsonian la historia ya Wamarekani weusi, Washington, na ukikiona kile kikopo unaelewa maisha yake kuliko maelezo ya kurasa kumi. Ila bati hushika kutu na kutu huhamia kwenye karatasi. Kopo likae peke yake na karatasi peke yake, namba ya kimoja ikitaja kingine.

Umefaulu ikiwa mtu mwingine, kwa kutazama picha zako tu, anaweza kulirudisha boksi lilivyokuwa.

## Hatua ya 2: Tenga zilizo wagonjwa

Harufu ya uvundo au madoa yenye manyoya ni dalili ya ukungu. Vaa barakoa ya N95, toa karatasi hizo kwenye chumba, zianikwe kivulini penye hewa hadi zikauke kabisa, ndipo upanguse vumbi lake kwa brashi ukielekeza mbali na uso wako. Ukipangusa kabla hazijakauka, ukungu unauingiza ndani ya nyuzi za karatasi. Juani usiweke, jua hufifisha wino.

Ukiona vijidudu au vinyesi vyake, funga karatasi kwenye mifuko miwili ya plastiki, toa hewa, weka kwenye friza kwa wiki mbili. Picha za zamani na vioo visiingie humo.

Karatasi zilizoloa maji ambazo huwezi kuzikausha ndani ya siku mbili, zigandishe vilevile. Friza haiponyi, inakupa muda. Familia nyingi za New Orleans zilipoteza karatasi za vizazi katika mafuriko ya Katrina mwaka 2005, na nyingine zilioza baada ya maji kuondoka.

## Hatua ya 3: Fungua mikunjo polepole

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, basi tusiharakishe.

Cheti cha uhuru kilitembea mfukoni. Kilikunjwa mara tatu au nne, kikafunguliwa kila mwenyewe aliposimamishwa njiani na kuulizwa yeye ni wa nani. Mikunjo hiyo ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote.

Jambo la kwanza la kujua: karatasi kongwe si lazima iwe dhaifu. Hadi katikati ya karne ya 19 karatasi ilitengenezwa kwa matambara ya kitani na pamba. Baadaye viwanda vikageukia massa ya miti, yenye asidi nyingi. Usishangae cheti cha 1820 kikawa laini kama kitambaa huku barua ya 1910 ikimeguka kama papadi.

La pili ni wino. Maandishi mengi ya wakati huo ni ya wino wa chuma, uliopikwa kwa vivimbe vya mti wa mwaloni na chumvi ya chuma. Zamani ulikuwa mweusi, sasa ni wa kahawia, na asidi yake hula karatasi. Pale karani alipokandamiza kalamu, herufi huweza kudondoka na kuacha tundu lenye umbo lake. Unyevu huuchochea wino huu. Kwa hiyo ule ushauri wa kulainisha karatasi kwa mvuke au kuifungia usiku kucha kwenye ndoo yenye maji, achana nao. Mhifadhi mwenye taaluma anaweza kuamua vingine akiwa na vipimo vyake. Mimi na wewe hatuna.

Fanya hivi:

1. Laza karatasi juu ya karatasi safi isiyo na asidi, mezani, mbali na chai na feni.
2. Fungua mkunjo mmoja tu, kwa vidole vya mikono miwili. Ikikaza, acha.
3. Tandaza kitambaa cha pamba kwenye sehemu iliyofunguka, weka kitabu juu yake. Subiri saa moja au zaidi.
4. Nenda kwenye mkunjo unaofuata. Cheti kimoja kinaweza kuchukua siku nzima, nayo si siku iliyopotea.

Ukisikia mlio wa kuchanika, simama hapohapo. Kiache nusu wazi, piga picha kinachoonekana, kiweke kwenye jalada na utafute mhifadhi wa karatasi.

Kilichochanika usikiunge. Vipande vilazwe pamoja ndani ya mfuko wa poliesta, mfuko wenyewe utavishika. Lakini kama wino unapukutika, poliesta haifai, kwa sababu ule umeme wake wa kuvuta vumbi huvuta na chembe za wino. Tumia jalada la karatasi.

Selotepu ya zamani usiibandue. Na kwa walioniletea laminesheni: msikate, msijaribu kuipasha moto ili iachie. Pigeni skani, wekeni mahali pa baridi na pakavu, muulizeni mhifadhi. Wakati mwingine kuna njia, na ni yake kuijua.

## Hatua ya 4: Jua ulichoshika

Mtu hutupa asichokielewa. Kwa hiyo nitachukua muda kidogo kwenye karatasi zinazotupwa zaidi.

Vyeti vinavyofanana. Tangu 1793 sheria ya Virginia iliwataka weusi na machotara huru wajiandikishe kwa karani, mijini kila mwaka, vijijini kila miaka mitatu. Maryland nayo ilianza kutoa vyeti vya uhuru mwaka 1805. Ndiyo maana mtu mmoja aweza kuwa na vyeti vitatu. Usibaki na kimoja ukidhani vingine ni marudio. Kila kimoja kina umri mpya, kimo, makovu, na pengine kinaeleza zaidi jinsi uhuru ulivyopatikana, kwa kuzaliwa au kwa kuachiwa. Namba iliyoandikwa kwenye cheti ndiyo inayokupeleka kwenye rejesta ya kaunti.

Jina la mama. Tangu 1662 sheria ya Virginia ilisema mtoto hufuata hali ya mama yake. Aliyezaliwa na mama huru ni huru, hata baba akiwa mtumwa. Karatasi yoyote inayotaja jina la mwanamke, hata kipande cha barua, ndiyo nguzo ya ukoo. Ipe alama ya pekee kwenye daftari lako.

Risiti za kodi. Zinaonekana takataka. Lakini Virginia sherifu aliweza kumkodisha mtu huru mweusi aliyedaiwa kodi ili deni lilipwe kwa jasho lake. Risiti ilikuwa ngao, ndiyo maana ilitunzwa. Kwetu leo inasema mtu fulani alikuwa mahali fulani mwaka fulani, na kwa watu walioachiwa alama chache hivyo, hilo ni kubwa.

Hati ya kumnunua mtu. Hii ndiyo inayofichwa. Nimeona wifi yangu mmoja akilia na hati mkononi, kwa sababu babu yao, mtu mweusi, ameandikwa mnunuzi wa mwanamke na watoto wawili. Alitaka ichomwe. Tulisoma majina tena, polepole. Mwanamke alikuwa mke wake, watoto walikuwa wake. Na kwa nini hakuwaandikia uhuru papo hapo? Sheria ya 1806 ilitaka yeyote aliyeachiwa huru baada ya tarehe 1 Mei mwaka huo aondoke Virginia ndani ya miezi kumi na miwili, isipokuwa akipewa ruhusa ya kubaki. Kuwaandikia uhuru kungeweza kuwa kuwafukuza. Basi kwa mujibu wa karatasi aliwamiliki, ili wasiondolewe kwake. Wapo pia weusi huru waliomiliki watu kwa faida, na hilo nalo ni kweli. Kazi yako ni kuitunza hati ili wajukuu wasome na wapime wenyewe.

Mikataba ya watoto waliowekwa kwa fundi ili wajifunze kazi, vyeti vya mabaharia vilivyotolewa kufuatia sheria ya 1796, na karatasi za kanisa: zote zihifadhi.

Biblia ya ukoo. Kurasa za kuzaliwa na kufa mara nyingi zimo katikati ya Agano la Kale na Agano Jipya. Usizing'oe. Zikiwa zimekwisha kung'olewa, usikate tamaa: watu walikuwa wakizing'oa na kuzituma serikalini kuthibitisha ndoa au umri walipoomba pensheni za vita, na majalada hayo yapo katika Hifadhi ya Taifa ya Marekani.

Herufi ndogo baada ya jina. Louisiana utakuta "h.c.l." au "f.c.l." katika hati za Kifaransa, na "f.m.c." au "f.w.c." za Kiingereza. Zote zinamtaja mwanamume au mwanamke huru asiye mzungu. Ukinakili jina bila herufi hizo, umempoteza mtu katikati ya majina yanayofanana.

## Hatua ya 5: Piga skani

Rangi kamili, 600 dpi, faili la TIFF. Picha ndogo za zamani ziende 1200. Weka rula pembeni ili ukubwa halisi ujulikane.

Piga mbele na nyuma hata kama nyuma unaona hakuna kitu. Karani aliandika muhtasari kwenye upande wa nje wa karatasi iliyokunjwa, mara nyingi kwa wino uliofifia sana.

Skana inayomeza karatasi kwa magurudumu usiisogelee. Biblia usiilazimishe kulala wazi kabisa, ifungue nusu, iegemeze kwa mito pande zote mbili, piga kwa simu. Kwa simu, kaa karibu na dirisha lenye mwanga wa mchana, zima flashi ya kamera, simu iwe sambamba na karatasi.

Jina la faili lisomeke na mtu asiyekujua: 3.2_1834_cheti-cha-uhuru_Loudoun_nyuma. Faili linaloitwa IMG na namba litakuwa yatima siku utakapobadilisha simu.

Fungua faili kwenye kompyuta, likuze. Kama unaona nyuzi za karatasi katika kila pembe, umefaulu. Herufi zikiwa na ukungu, rudia leo, maana karatasi iko mezani tayari.

## Hatua ya 6: Nakili maandishi herufi kwa herufi

Chapa maneno yalivyo, na makosa yake. Jina likiandikwa kwa tahajia tatu katika ukurasa mmoja, andika zote tatu. Ukisahihisha, unamnyima mtafutaji wa kesho njia ya kulipata jina hilo kwenye rejesta nyingine. "Wm" ni William na "Jas" ni James, lakini andika kwanza kilichopo, kisha maelezo yako kwenye mabano ya mraba. Usiposoma neno, weka [halisomeki] na uendelee.

Maneno ya rangi yaliyotumika yanauma. Mama mkwe aliniomba niyaondoe kwenye nakala ya watoto. Nilimweleza kwa heshima kwamba karani alipima ngozi ya bibi yake kama anavyopima kitambaa, na wajukuu wanahitaji kujua hilo lilifanyika. Alifikiri siku mbili, akakubali. Mkwe wako akikataa, mheshimu katika nakala ya kuonyesha watoto, lakini nakala kamili iwepo mahali.

Kisha linganisha na sensa. Kuanzia 1850 watu huru wote waliandikwa kwa majina, ilhali waliokuwa utumwani waliorodheshwa bila majina hadi 1870. Ukimkuta mtu wako kwa jina katika sensa ya watu huru ya 1850 au 1860, cheti na sensa vinashikana mikono.

## Hatua ya 7: Kaa na mzee

Chapisha nakala kubwa, umwekee mbele. Ya asili usimpe, atailia machozi au ataifunga mkobani. Washa kinasa sauti cha simu baada ya kumwomba ruhusa, useme tarehe na majina ya waliopo.

Usianze na "nieleze historia". Onyesha jina moja: "Mama, huyu mlimwitaje nyumbani?" Majina ya utani ndiyo hupotea kwanza. Uliza makaburi yako wapi, kanisa gani, shamba liliuzwa kwa nani. Akichoka, nyamaza na mle pamoja. Utarudi kesho.

## Hatua ya 8: Mahali pa kukaa

Kabati la ndani, katikati ya nyumba, ghorofa wanamoishi watu. Dari hupata joto, chini ya ardhi hupata maji. Joto lisizidi nyuzi 21 za Selsiasi, unyevunyevu uwe kati ya asilimia 30 na 50. Boksi liinuliwe kutoka sakafuni. Klipu, pini za stepla na mipira itolewe, ila pini iliyoshika kutu na kung'ang'ania iache.

Ndugu wa Unguja na Pemba wenye hati za uhuru zilizoandikwa baada ya amri ya 1897 iliyofuta hadhi ya utumwa, hesabu hizo za unyevunyevu kwenu ni ndoto bila mashine. Hewa inayopita, boksi mbali na ukuta wa nje, na kukagua kila mwezi wakati wa masika vitasaidia sana.

## Hatua ya 9: Nakala zitoke nje ya nyumba

Richmond, mji mkuu wa Virginia, ilipoungua Aprili 1865, ziliungua pamoja nayo kumbukumbu za kaunti kadhaa zilizokuwa zimepelekwa huko zikalindwe na vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kama ukoo wako ni wa kaunti hizo, rejesta inayothibitisha cheti chenu huenda haipo tena duniani. Kilichomo kwenye boksi lenu ndicho pekee.

Weka diski moja nyumbani, nyingine kwa ndugu wa jimbo jingine, na nakala ya tatu mtandaoni. Taarifa za walio hai, tarehe za kuzaliwa na namba zao, zisiwemo kwenye nakala ya kugawa.

Zungumzeni pia na taasisi. Maktaba ya Virginia iliyoko Richmond, kituo cha Moorland-Spingarn cha Chuo Kikuu cha Howard, na Amistad Research Center ya New Orleans zinajua thamani ya karatasi hizi. Uliza kwanza kama wako tayari kupiga skani na kukurudishia. Mkiamua kutoa za asili, someni mkataba pamoja kabla mtu hajasaini: nani atamiliki, nani ataruhusu zichapishwe, ukoo utaziona kwa utaratibu gani. Mkamwana asiamue peke yake, karatasi si zake. Mimi nilisubiri miaka miwili hadi shemeji wote wanne wakubaliane.

Mkutano wa ukoo wa kiangazi ndio wakati mzuri wa kulisema hili. Nenda na nakala zilizochapishwa, za asili zibaki kabatini. Tandaza mezani, weka penseli na karatasi tupu kando ya kila picha, na uwaache wazee wazunguke. Mwaka jana shangazi wa mume wangu alisimama mbele ya picha ambayo sote tulikuwa tumeiandikia "hajulikani". Aliishika ile penseli akaandika jina, na chini yake jina la mama wa yule mtu.